Nilikinga nyumba nane na mchwa kwa udongo wa dipu. Nimezibomoa zote, sasa namtafuta mwenye magunia matatu

Wakuu, nawasalimu kutoka Voi, upande wa kuelekea Mwatate. Leo jua limenifukuza kazini mapema, nimekaa na simu na chai, kwa hivyo nitaandika polepole.

Haya ninayosimulia yamenitokea mimi mwenyewe. Mengi ni ya aibu, na mtu hapambi aibu yake, kwa hivyo mkiona mahali nimejifanya mjinga jueni nilikuwa mjinga kweli.

Pia kuna mtu namtafuta. Nitafika kwake.

Mimi ni fundi wa nyumba. Najenga za mawe, lakini nyingi ni za udongo: nguzo, fito, kukandika, mabati juu. Hapa bondeni ndio watu wengi wanaanzia.

Na kama umeishi huku unajua adui ni nani. Mchwa. Unasimamisha nguzo mwaka huu, mwaka ujao ukiigonga inalia kama debe tupu. Mteja haangalii ulivyopiga fito, anaangalia ile vumbi nyekundu inapanda kwa kizingiti cha mlango, halafu anatangaza kanisani kwamba fundi fulani hajui kazi.

Sasa sikieni.

Nyuma ya ranchi moja ya zamani kuna dipu ya kuogeshea ng'ombe. Ilifungwa nikiwa bado navaa kaptura ya shule. Namkumbuka marehemu baba akipeleka ng'ombe pale: wanarushwa kwenye lile shimo refu la simiti lenye dawa ya kupe, wanaogelea, wanatokea upande wa pili wakijitikisa. Dawa ikichafuka, inachotwa pamoja na tope la chini, inamwagwa hapo kando. Miaka na miaka.

Siku moja nimetafuta mbuzi wangu mpaka nikafika pale. Nikaona nguzo za boma la dipu bado zimesimama. Mti wa kawaida kabisa, sio hata ule mgumu. Nikagonga, ngumu. Nikachimba chini kidogo na panga, hakuna mchwa. Hakuna hata sisimizi.

Wakuu, nilijiona mwerevu kuliko mafundi wote wa Taita Taveta.

Nyasi pia hazikuwa zinamea hapo. Hilo niliona kwa macho yangu. Lakini nilikuwa natafuta dawa ya mchwa, sikuwa natafuta nyasi.

Nikarudi na mkokoteni. Nikaanza kuweka ule udongo kwenye mashimo ya nguzo, halafu nikaona kwa nini niishie hapo, nikawa nauchanganya na udongo wa kukandikia, kutoka chini mpaka usawa wa goti. Sikumwambia mtu unatoka wapi. Ilikuwa siri yangu ya kazi.

Na ikafanya kazi, hiyo siwezi kukataa. Nyumba zilisimama. Watu wakaniita Fundi Mchwa, nikalipenda hilo jina mpaka nikaliandika kwa rangi kwenye toroli.

Nilijenga nyumba tisa kwa sifa hiyo. Ya kwangu ikiwemo.

Nasema kwa sifa, sio kwa udongo, kwa sababu nyumba moja nilidanganya. Ilikuwa ya Mama Saumu, mjane wa asili ya pwani anayekaa karibu na mji, mtu wa heshima sana. Udongo wa dipu ulikuwa umeniishia na mvua ilikuwa imekaribia. Nikakandika na udongo wa kawaida wa pale pale kwake, nikanyamaza, nikamwambia ni ile dawa. Kabla mwaka haujaisha akanipigia simu: "Fundi, hao mchwa wako wamekuja kunitembelea, nao hawana haya." Kila tukikutana sokoni alikuwa ananiuliza dawa yangu iliendea wapi. Mlikumbuke hilo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya binti yangu, Mkawasi.

Mkawasi alirudi nyumbani kutoka Mombasa akiwa na mimba, mwanaume ameonekana mara mbili halafu hakuonekana tena. Sikutaka maneno. Nikamwambia mama yake nitamjengea mtoto chumba chake hapa hapa bomani, apumzike. Ile nyumba niliijenga kwa moyo. Na udongo wa dipu niliuweka mwingi, kwa sababu alikuwa ni mtoto wangu.

Miezi mitano ya mimba akaanza hamu ya udongo. Hii mnaijua, wanawake wengi wajawazito wanakula odowa, sokoni inauzwa kwa mafungu. Lakini Mkawasi aliacha kununua. Siku moja naingia kumrekebishia dirisha, naona kona ya ukuta karibu na kitanda imekwanguliwa, kishimo kama cha ngumi.

Nikamtania: "Wewe, utaimaliza nyumba niliyokujengea."

Akacheka. "Baba, huu wa ukutani ni mtamu kuliko wa sokoni. Unanukia kama mvua ya kwanza."

Nikacheka pia. Nikarekebisha dirisha nikatoka.

Mpaka leo sijakisahau kicheko changu.

Haikupita wiki mbili, akaja mama mmoja wa udongo. Naita hivyo kwa sababu kazi yake ni kupima udongo, anafanya utafiti wa madipu ya zamani. Anaitwa Madam Wanza, Mkamba, mtu wa kuongea kidogo. Alikuwa anatafuta mtu anayejua dipu ilipokuwa, wazee wakamwambia muulize fundi.

Nikampeleka. Njiani sifa zikanizidi. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu siri yangu, lakini huyu alikuwa msomi na nilitaka ajue hata sisi huku tunafanya utafiti. Nikamweleza yote, nguzo, mashimo, kukandika mpaka goti.

Alikuwa amepiga magoti anachota udongo na kijiko. Akaacha.

"Fundi, umeweka kwa nyumba ngapi?"

Nikasema kwa majivuno, nane, na moja nilidanganya.

Akavua glavu moja, akakaa chini kwenye simiti ya dipu. Akaniambia dawa za zamani za kupe zilikuwa na arseniki, na nyingine ambazo zilipigwa marufuku baadaye. Arseniki haiozi. Haiishi kwa jua wala mvua. Ilivyomwagwa nikiwa mtoto ndivyo iko mpaka leo. Akasema mtu akiishi nayo kwa vumbi inamdhuru polepole, kuku wakichakura wanaila, lakini mbaya zaidi ni mtu kuimeza.

Nikamuuliza nani atameza ukuta.

Nilipomaliza tu hilo swali nikajijibu mwenyewe. Nikashika nguzo ya dipu, ile ile niliyokuwa naisifu.

Sikungoja amalize kuchota. Tulirudi kwa gari lake, barabara ile mbovu. Nilimkuta Mkawasi ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Nikamwambia atoke kwenye hiyo nyumba sasa hivi, asichukue hata leso.

"Kwani kuna nyoka?"

Madam Wanza ndiye alimweleza, kwa upole, akiwa amechuchumaa mbele yake. Mkawasi akashika tumbo, akaniangalia. "Baba, ulikuwa unajua?"

Nikasema hapana. Na ilikuwa kweli, lakini haikunisaidia.

Siku hiyo hiyo tukaenda hospitali. Daktari hakutushangaa wala kutugombeza. Alichukua mkojo, akachukua na damu, vikatumwa maabara mbali. Akasema la kwanza ni aache kabisa, mwili ukiachwa unaitoa yenyewe kidogo kidogo, la pili ni kufuatwa yeye na mtoto kila wakati mpaka azae. Majibu yangechukua wiki kadhaa.

Mama Mkawasi alimhamishia binti yake Chawia, kwa dada yake, huko mlimani. Mimi nikabaki na nyumba.

Hapo nataka niwaambie nilichoamua, kwa sababu watu wengi wameniuliza kwa nini nisinyamaze tu. Hakuna aliyekuwa anajua. Madam Wanza alikuwa amepima dipu, sio nyumba. Ningeweza kubomoa ya binti yangu, nikasema imepata ufa, basi.

Lakini kila nikifunga macho naona kile kishimo cha ngumi ukutani. Na nikawaza, katika zile nyumba nyingine kuna wanawake pia. Wana mimba, na wana watoto wanaotambaa wakiweka kila kitu mdomoni. Nikasema nilichoingiza kwa mkono wangu nitakitoa kwa mkono wangu, nyumba moja baada ya nyingine, hata kama ni kuanza kuitwa Fundi Sumu.

Kwanza ilikuwa ni kupima. Madam Wanza akanifundisha. Unachukua udongo sehemu kadhaa za boma, unatembea kama nyoka anavyotembea, sio mstari mmoja. Juu juu, halafu chini kidogo. Ukutani pia. Na unachukua mahali pa mbali ambapo unajua pako safi, ili uwe na kitu cha kulinganisha. Kila mfuko na jina lake.

Mimi na haraka zangu nikapita nyumba tatu kwa siku moja nikiwa na jembe langu, nikampelekea mifuko mingi nimeipanga vizuri. Akauliza jembe nililisafisha wapi kati ya nyumba na nyumba.

Sikuwa nimelisafisha popote.

Akaitupa yote. Mbele yangu. Akasema hapo nimepima jembe, sijapima udongo. Kesho yake nilianza upya na kijiko cha plastiki, maji ya kusuuza na kitambaa, nikaliacha jembe nyumbani kabisa.

Kupima kulimaanisha kuwaambia wenye nyumba. Hapo wakuu ndipo nilipoionja. Mmoja alinifukuza na rungu nikiwa bado nasalimia. Mmoja alicheka akidhani natafuta kazi ya kujenga mara ya pili. Mama mmoja aliingia ndani akatoka na mtoto wake mdogo mgongoni, akasimama mbali na ukuta, akaniambia haya pima.

Mzee Mwadime ndiye aliyenisumbua kabisa. Yeye ni mwalimu mstaafu, nyumba yake niliijenga kwa ajili ya uzee wake. Alinipa kiti, akanipa uji, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi, nyumba yangu haina mchwa?"

"Haina, mwalimu."

"Basi kunywa uji uende. Hii nyumba nitazikiwa kando yake."

Majibu yalipokuja, Madam Wanza aliniita kwake akanionyesha moja moja. Nyumba nane, zote chafu, kuta na hata uwanja pale ambapo mvua inapiga ukuta na kumomonyoa. Ya tisa ilikuwa safi kama ule udongo wa mbali tuliolinganisha nao.

Ya Mama Saumu. Katika wote, yule niliyemdanganya ndiye pekee niliyemwacha salama.

Nilienda kumwambia. Nilimweleza uongo wangu wote, na sababu ya kuja kuusema. Alikunja na kukunjua ncha ya buibui lake. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Basi mwanangu, hao mchwa nitawakaribisha na chai." Lakini alinitaka nimrudishie nguzo zilizoliwa, na nimeshazirudisha, kwa jasho langu.

Majibu ya Mkawasi yalikuja pia. Sumu ilikuwemo mwilini. Daktari akasema imo, lakini haijafika pabaya tulipokuwa tunapaogopa, na tumeiwahi. Arudi kila baada ya muda tuone kama inashuka. Nililia kwenye ile benchi ya hospitali mbele ya watu, na sijutii.

Sasa kubomoa.

Nilidhani unachukua nyundo unapiga. Hapana. Ukipiga ukavu, unatimua vumbi lenye sumu kwa kijiji kizima. Unalowesha ukuta kwanza, unavaa barakoa, glavu, nguo ambazo zitafuliwa peke yake, na hakuna kula wala kuvuta sigara mpaka unawe. Unakwangua ukuta mpaka fito, nguzo zinang'olewa, udongo wa chini unatolewa mpaka unaochotwa na kijiko ukipimwa uonekane safi. Kuku wanafungiwa.

Na zile nguzo huchomi. Hilo lilinishangaza, nilikuwa nimeshapanga kuni. Moshi wake una sumu vile vile.

Udongo wenyewe unaupeleka wapi? Swali zuri. Huwezi kuumwaga korongoni, mvua ikija unafika kwa mashamba ya watu. Watu wa mazingira walikuja, wakaangalia na Madam Wanza, wakakubaliana lile shimo la dipu lenyewe ni simiti. Nikaziba nyufa zake, tukalaza plastiki nzito, tukarudisha kila kitu mle mle kilikotoka. Juu yake nimemwaga slab ya zege yenye mteremko ili maji yasisimame. Ni slab safi kuliko zote nilizowahi kumwaga, na hakuna atakayelala juu yake. Pembeni uzio na kibao.

Pale nje ambapo tope lilimwagwa, tumetoa la juu, na mahali sumu ni nyepesi tumepanda aina ya fern, mmea wa majani kama manyoya usiotoa maua, ambayo Madam Wanza anasema inavuta arseniki kutoka ardhini na kuiweka kwenye majani. Inamea yenyewe kwenye mawe yenye unyevu huko Chawia, nimeipita maisha yangu yote nikidhani ni takataka. Tulipoziteremsha kwenye joto la huku, nyingi zilikauka. Zilizobaki nimezijengea kivuli, nazimwagilia. Majani yanakatwa na kuhifadhiwa, hayalishwi mbuzi. Ni kazi ya miaka, ameniambia wazi. Nikamwambia miaka ninayo.

Nilianza na nyumba ya Mkawasi, mchana kweupe, kila mtu aone. Halafu ya kwangu. Mama Mkawasi na mimi tulilala kwa turubai wiki saba.

Nikiwa nalowesha ukuta wa sebule yangu, nikamwona Mzee Mwadime amesimama njiani na mkongojo. Alikaa pale karibu saa nzima. Mwishowe akasema, "Kumbe unabomoa kweli."

"Kweli, mwalimu."

"Nilidhani unataka kunibomolea mimi peke yangu." Akageuka kuondoka, halafu akasimama. "Wajukuu wanakuja likizo ya Agosti. Utanimalizia kabla?"

Nilimmalizia kabla. Yule wa rungu naye aliniita mwenyewe baada ya kusikia ya Mwadime. Nyumba nane, zote chini, zote zimesimama tena. Siku hizi najenga msingi wa mawe, futi moja na nusu juu ya ardhi, na kipande cha bati kimekunjwa kati ya msingi na nguzo, mchwa akipanda unamwona. Niliwaza kupaka oili chafu ya gereji kama mafundi wengine, Madam Wanza akaniuliza kama nimemaliza sumu moja ili nianze nyingine. Nimeacha.

Mkawasi alijifungua msichana. Anafuatwa na daktari, yeye na mama yake, na kila kipimo kinashuka. Wamerudi nyumbani.

Wiki iliyopita nimekaa nao mlangoni kwa nyumba yake mpya. Mkawasi akanigusa bega. "Baba, angalia pale."

Kwenye jiwe la msingi kulikuwa na njia nyekundu, nyembamba, ya tope. Mchwa wanapanda.

Maisha yangu yote nikiona hiyo njia nainuka na panga. Siku hiyo nilikaa. Niliwaangalia wakibeba vile vichembe vyao, nikafurahi mpaka nikaona aibu. Udongo ule ulikuwa umekubali kiumbe tena. Mkawasi akauliza siwavunji? Nikamwambia kesho.

Niliyojifunza wakuu ni haya. Nilidhani mchwa anaogopa kazi yangu, kumbe alikuwa anapima udongo kabla yetu na anatuambia. Ukiona mahali hapana mchwa, hapana nyasi, hapana hata sisimizi, usishangilie. Chota kidogo na kijiko safi, upeleke ukapimwe. Mchwa sio maabara, Madam Wanza ananisisitizia hilo, lakini anaweza kukuambia uanzie wapi.

Kama kwenu kuna dipu ya zamani, au kama kuna mtu amewahi kutumia udongo wake, aandike hapa. Mwenye ujuzi wa kusafisha kuliko mimi anifundishe pia. Matusi nayo nitayapokea, nimeyazoea.

Sasa yule namtafuta.

Kabla ya haya yote, mtu mmoja alinikuta dipu nikipakia. Alikuwa na pikapu nyeupe, ameelekea upande wa Kishushe. Aliniuliza nafanya nini na udongo mbaya hivyo, nikamwambia ni dawa ya mchwa. Nikampa magunia matatu bure, kwa majivuno tu. Sikumuuliza jina. Nimezunguka Kishushe mara nne, nimeuliza kila duka, sijampata.

Ndugu yangu, kama unasoma hapa au kuna anayekujua: ulisema mke wako anataka kujengewa jiko, na kwamba yuko karibu kujifungua. Usiwaache wakae humo. Niandikie hapa hapa uko wapi. Nitakuja mwenyewe, na maji ya kulowesha ukuta nitakuja nayo.